Siku Kumi za Manyoya ya Avoka

Nilikabidhi funguo za banda la mbwa wiki tatu zilizopita, na nguo zangu nyeusi zimeanza kuwa nyeusi kweli. Muda wote nilipokuwa kazini sikuijua rangi hiyo. Kila nilichovaa kilikuwa na manyoya ya rangi ya mchanga, mpaka sare yangu ya kwaya, na dada aliyesimama nyuma yangu kanisani alizoea kunitoa unyoya mmoja mmoja mgongoni wakati wa maombi, akidhani sijui.

Ninyi mnaobaki dipo la kahawa pale Kimemi, mtaa wetu wa Butembo, mliniomba niwaeleze namna ya kuishi na mbwa wakubwa wa manyoya marefu wakati manyoya yao yanaponyonyoka. Nilianza kueleza kwa mdomo, ninyi mkaanza kutazama simu. Kwa hiyo naandika. Vyeo sitavitaja, maana sikupata. Jina langu ni Kahindo, lakini mtaani niliitwa Mama Imbwa, na siku nilipoacha kulikasirikia jina hilo kazi ikawa nyepesi.

Sikuajiriwa kwa ajili ya mbwa. Niliingia dipo kama mchaguaji wa kahawa, mmoja wa akina mama wanaokaa chini na ungo, kutoa punje nyeusi, punje iliyoliwa na mdudu, punje iliyovunjika, na mawe. Siku yangu ya tatu nilitoa unyoya mrefu. Siku ya nne nikatoa kumi na mmoja. Siku ya tano nikayaweka manyoya yote kwenye karatasi, nikasimama mbele ya Patron. Ndivyo tulivyomwita mwenye dipo, na ndivyo nitakavyomwita humu.

"Patron, hii kahawa iko naota ndevu," nilimwambia.

Aliitazama karatasi, akanitazama mimi. "Donc unataka nitoe imbwa, bevi bakuye kuiba kahawa?"

"Hapana. Nataka mutu abachane."

"Muzuri. Ni weye."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya maisha yangu. Kama mna jambo la kulalamikia pale dipo, hakikisheni kwanza mnalipenda.

Mbwa walikuwa watatu wakati huo, mbwa wa kuchunga wa Ulaya wenye manyoya marefu. Bibi na babu zao waliachwa Butembo na bwana shamba mmoja mzungu aliyerudi kwao. Kila mmoja alikuwa na uzito wa nusu gunia la kahawa na mkia ambao ungeweza kufagia ofisi. Mtunzaji wao alikuwa Papa Paluku, mzee mwenye macho yaliyoanza kufifia, ambaye aliwachana kwa kupapasa. Chanuo lake alilitengeneza mwenyewe kwa spoki za baiskeli: alizikata fupi, akazisugua ncha kwenye jiwe mpaka zikawa butu, kisha akazipanga kwenye kipande cha mti safu mbili, ndefu kwa fupi. Tangu hapo nimeletewa brashi za dukani za kila rangi. Zote zilichana juu tu. Mbwa wa namna hii ana nguo mbili, manyoya marefu ya nje na sufu laini ya ndani, na kinachotoka kwa wingi ni sufu. Usipoifikia, umempamba mbwa, hujamchana.

Makosa yangu ya kwanza yalikuja mapema. Huku kwetu hakuna majira ya baridi kama Ulaya, lakini mbwa wale walikuwa na miezi yao, mara mbili kwa mwaka, mvua inapopungua. Nilipoona manyoya yanatoka kwa mafungu, niliwaza kama mama wa nyumbani: kuna uchafu, basi maji na sabuni. Niliwaosha wote watatu siku moja, nikajisifu. Sufu iliyokufa ikashikana na ile iliyo hai, ikawa kama zulia lililoshonwa ngozini. Chini yake ngozi haikukauka, ikaanza kunuka. Papa Paluku alikaa siku nane na mkasi, akikata fundo moja baada ya jingine, bila kunitolea neno baya hata moja, na hilo liliniuma kuliko matusi. Siku ya nane alinirudishia mkasi.

"Chanuo mbele, maji nyuma," alisema. "Manyoya haina bubaya na weye, Mama. Iko natoka tu. Weye uifungulie njia."

Nilimwambia wasingya, asante ya kwetu, nikaenda kulia nyuma ya choo. Na huko nyuma ya choo, nikiwa nalia, niligundua kwamba upepo unatoka kwenye meza za kuanikia kahawa kuja kwangu, wala si kinyume. Tangu siku hiyo mbwa wote wanachanwa pale. Mtu akiwauliza kwa nini pahali pabaya vile, mwambieni aende akaulize upepo.

Kazi yenyewe ni hii. Mnyunyizie mbwa maji kidogo kwa mkono, ili manyoya yasiruke. Anzia mapajani, pale anapovaa kama suruali, kwa sababu ndipo sufu inaposhikana kwanza. Fungua manyoya kwa mkono wa kushoto mpaka uone ngozi, kisha chana kutoka ngozini kwenda nje, mstari baada ya mstari, kama unayepalilia. Nyuma ya masikio tumia vidole. Usivute, maana mbwa wa uzito ule akikataa, ni wewe utakayevutwa. Katika miezi ya manyoya ni kila siku, hata siku ambayo hutaki. Vaa koti la mvua la plastiki, halishiki kitu. Sakafu usiifagie kavu, utakuwa unayahamisha tu. Pitisha kitambaa kibichi. Kwa viti vya ofisi, chukua mpira wa ndani wa baiskeli ulioisha, ujifunge mkononi, upapase. Manyoya yatakuja yenyewe. Hili Papa Paluku hakunifundisha, nililipata mimi, na ndilo jambo pekee ambalo Patron aliwahi kunisifia mbele ya wageni.

Manyoya msiyachome. Nilijaribu mara moja, na majirani wa Kimemi wakaja na maswali. Kuna akina mama wanaoteremka kutoka milima ya Lubero wanaoyaomba, wanayasukuma kwenye mashimo ya fuko katika mashamba ya viazi. Wanasema fuko anaisikia harufu anahama. Mimi fuko hawajanieleza kitu, lakini akina mama hao wanarudi kila msimu.

Nyumbani nako kulikuwa na vita. Unyoya mmoja uliwahi kufika mpaka ndani ya bugali. Mume wangu aliutoa, akauinua juu ya taa, akauliza kwa utulivu, "Leo tuko nakula nani, Avoka ao Madame?" Tangu hapo nilivua nguo za kazi mlangoni. Watoto wangu walikua wakijua kwamba mama hakumbatiwi kabla hajabadili nguo, na kwa hilo bado naona uchungu kidogo.

Avoka na Madame walikuwa kizazi cha pili mikononi mwangu. Madame alipewa jina kwa sababu hakukanyaga tope. Avoka alizaliwa mvua kubwa ikinyesha, nikamfuta mwenyewe kwa gunia, na tulimwita hivyo, yaani wakili, kwa sababu alimpinga kila aliyeingia langoni, mwenye haki na asiye na haki. Papa Paluku alikuwa bado hai wakati huo, ingawa alikuwa haoni tena. Alimshika yule mtoto wa mbwa, akapapasa mgongo, akasema, "Huyu atakusumbua na sufu." Kisha akanifundisha jambo la mwisho alilonifundisha. Alisema siku moja nitaona mbwa anatoa manyoya nikaogopa kuwa ni upele. Nikague kingo za masikio na viwiko. Upele unaanzia hapo, na ngozi inakuwa nyekundu na magamba. Mbwa anayebadili manyoya tu ana ngozi safi chini yake. Na mashine ya kunyoa, alisema, hapana kabisa, hata joto liwe namna gani, kwa sababu manyoya ndiyo mwavuli wake.

Kosa lililonifanya niandike kurasa hizi lilianzia kwangu, basi nitaliandika kama lilivyo. Patron alifungua dipo la pili Beni, na usalama wa huko ulipokuwa mbaya akaamua Avoka apelekwe kulinda huko. Niliandika maelekezo kwa ajili ya msimamizi wa Beni, Papa Muhindo, kurasa mbili: chakula, maji, kupe, mnyororo, namna ya kuchana. Sikuandika neno mashine. Sikudhani kuna mtu angeweza kufikiri jambo kama hilo. Mtu akikaa na kazi muda mrefu anaanza kuona anachokijua yeye kama kitu kinachojulikana na wote.

Beni ni joto. Avoka aliyezaliwa kwenye baridi ya Butembo alianza kutoa sufu kama mfuko uliopasuka. Alihema ulimi nje. Papa Muhindo, mtu mwema, mwenye huruma ya kweli, alimhurumia. Alimwita kinyozi.

Mwezi mmoja baadaye alinitumia picha kwenye simu. Mgongo wa Avoka ulikuwa mwekundu, una magamba, na sufu imeanza kuota vipande vipande, hapa ipo, pale haipo. Shingo, mapaja na mkia bado vilikuwa na manyoya marefu yanayoning'inia kwa mafungu. Chini ya picha aliandika: "Bamama banasema ni gale. Bamekataa kuchagua kahawa kama huyu imbwa iko hapa. Patron anajua." Gale ndiyo upele.

Nilimpigia daktari wa mifugo. Alikuwa upande wa Manguredjipa akichanja ng'ombe na hangerudi Beni upesi. Alisema kwa picha hawezi kuapa, yaweza kuwa jua, yaweza kuwa upele. Alisema jambo moja zaidi, kwamba upele wa mbwa hurukia watu, na anayemshika sana huanza kuwashwa ndani ya siku chache. Halafu nikampigia Patron.

"Mama Kahindo, sina lazima na imbwa ya gale katikati ya bamama ishirini," alisema. "Na siwezi kumurudisha Butembo, ataambukiza bengine. Jumamosi ya juma ijayo niko nashuka Beni. Nikimukuta vile, tunamumaliza."

"Uniache nishuke mbele yako, Patron."

"Ushuke ufanye nini?"

"Nimuchane."

Nilisikia kalamu yake ikigonga meza. "Shuka," alisema.

Nilishuka na kamyo, lori la dipo lililokwenda bila mzigo. Nilihesabu: kutoka siku hiyo mpaka Jumamosi ya Patron palikuwa na siku kumi. Avoka nilimkuta amefungwa nyuma ya stoo, juani. Yeye ambaye alimpinga kila mtu alisimama tu, akanitazama, hakubweka. Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Niliketi chini kwenye vumbi na kichwa chake mapajani, na manyoya yake yakanijaa mdomoni.

Papa Muhindo alisimama karibu akikunja kofia. "Alikuwa nahema sana, Mama. Niliwaza joto njo iko namuua. Kinyozi akafika ku shingo, mashine ikakufa."

"Mashine ilikuwa na akili kuwapita," nilimwambia, kisha nikajuta, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nilimwambia kosa ni la kurasa zangu mbili.

Nilimkagua Avoka kwa mwanga wa mchana. Kingo za masikio safi. Viwiko safi. Na yale mabaka ya mgongoni yalikuwa na mipaka iliyonyooka, njia za mashine, moja kando ya nyingine. Ugonjwa haupigi mistari kwa rula. Niliamini kwamba ni jua. Lakini kuamini kwangu hakukuwa na maana yoyote, kwa sababu aliyepeleka mashtaka kwa Patron alikuwa Mama Katungu, kapita, yaani msimamizi wa wachaguaji, na akina mama wote walimsikiliza yeye.

Nilimkuta na ungo wake. Nilieleza masikio, viwiko, mistari. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kuchagua.

"Mama Kahindo, miye hii ugonjwa naijua," alisema. "Tulikimbia vita Eringeti na batoto bane, tukalala na batu bengi mu chumba moja ya masomo. Batoto bangu balijikuna mpaka damu. Miezi miwili. Nilikuwa nawafunga mikono na kitambaa, basijiharibu. Siwezi kuirudisha mu nyumba. Hata kama imbwa ni ya nani."

Nilikuwa nimejitayarisha kubishana na mtu mwenye chuki, nikamkuta mama mwenye sababu. Nilikaa kando yake, nikavuta ungo, nikaanza kuchagua naye ili nipate muda wa kufikiri. Vidole vyangu vilikuwa bado vinakumbuka. Ungo ulipoisha nilikuwa nimekata shauri.

"Basi nitamushika kila siku," nilisema. "Nitamuchana, na manyoya yake nitaitia mu foronya niilalie. Kila asubuhi mutaniangalia mikono. Nikitoka na bupele, miye mwenyewe nitashika kamba bakimuua."

Akina mama wengine waliacha kuchagua. Katungu alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Mikono na tumbo," alisema. "Na katikati ya bidole. Inaanziaka hapo."

Tulikubaliana hivyo. Nilimhamisha Avoka kivulini. Asubuhi nilimpoza mgongo kwa maji safi, nikamkausha kwa kitambaa, kisha nikamvalisha fulana ili jua lisimguse. Fulana iliyopatikana ilikuwa ya kampeni ya uchaguzi, yenye uso wa mheshimiwa kifuani. Niliigeuza ndani nje, Avoka asije akaitwa mwanachama. Nilimpa yai na dagaa kila siku. Kisha nilichana kile ambacho mashine ilishindwa, shingo na mapaja na mkia, mstari baada ya mstari, na kila siku sufu ilijaa ndoo. Siku ya tatu foronya ilikuwa imejaa. Nililala juu yake katika chumba kidogo cha mlinzi, kwenye godoro la mlinzi, na kwa kweli ulikuwa mto laini kuliko wa kwangu wa Butembo, ila ulinuka Avoka.

Kila asubuhi nilikaa mbele ya akina mama, nikakunja mikono ya blauzi, nikanyanyua blauzi tumboni, nikatanua vidole. Katungu alinikagua kama anavyokagua kahawa, bila haraka na bila kunionea haya. "Hakuna," alisema, na kazi ikaanza. Siku ya nne, hakuna. Siku ya sita, hakuna. Mgongo wa Avoka uliacha kuwa mwekundu. Siku ya saba alimbwekea mwuza mikate langoni, na nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Siku ya nane niliamka nikijikuna.

Niliutazama mkono wangu wa kushoto. Juu ya kiwiko palikuwa na vivimbe vitatu vyekundu. Nilikaa kitandani nikivitazama, na nilijua kabisa maana yake: kamba, na mimi nimeishika. Nilikuwa na blauzi moja ya mikono mirefu yenye vifungo. Niliivaa. Nilifunga vifungo vyote, kimoja kimoja, na nilijiambia kwamba leo nitasema kuna baridi. Baridi ya Beni. Nilipotoka nje Avoka alisimama na fulana yake, akatikisa mkia, na wingu la sufu likaruka. Ingekuwa rahisi sana. Ila nilimkumbuka Katungu akiwafunga watoto mikono kwa vitambaa. Kama ni upele kweli, na mimi naufunika kwa vifungo, basi nauingiza nyumbani kwake.

Nilikwenda nikakaa mahali pangu. "Mikono," alisema Katungu.

Nilifungua vifungo, nikakunja blauzi. Mama mmoja alivuta pumzi. Papa Muhindo aligeuka akatazama ukuta. Nilitazama mikono ya Katungu tu, kwa sababu uso wake sikuuweza.

Aliushika mkono wangu, akaupeleka kwenye mwanga wa mlango, akaugeuza. Alitanua vidole vyangu, akatazama katikati ya kila kimoja. Alitazama kiganja, akatazama kifundo. Akanifunua tumbo. Halafu akarudi kwenye vile vivimbe vitatu, akavigusa kwa kucha.

"Tatu mu mustari moja," alisema. "Na bidole ni safi. Unalala wapi?"

Nilimwonyesha chumba cha mlinzi. Alisimama, na wachaguaji wote wakasimama wakamfuata. Hakugusa mto wa manyoya kwanza. Alilitoa godoro nje, akalilaza juani, akafungua mshono wa pembeni kwa ukucha. Walikuwemo, wanene, wanatembea kwa aibu.

"Kunguni," alisema Katungu. Aliwageukia wenzake, na alisema kwa sauti ya kapita. "Punje ya kuliwa na mududu na punje ya kuoza na maji, yote ni mubaya. Lakini haiko kitu kimoja. Kazi yetu njo kujua nini iliikula." Kisha akanigeukia mimi. "Mbona haukuficha? Uko na blauzi ya mikono mirefu."

"Niliivaa juu ya kuficha," nilisema. "Nikashindwa."

Hakucheka. Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa. "Bado siku mbili. Utalala ku mukeka. Na ule muto unabaki."

Nililala kwenye mkeka, na mto wa manyoya chini ya kichwa. Siku ya tisa, hakuna. Siku ya kumi, hakuna, na vile vivimbe vitatu vilikuwa vimekauka.

Patron alifika Jumamosi kabla ya saa sita. Daktari alikuwa hajarudi. Avoka alimbwekea Patron kwa nguvu zote kana kwamba ndiye mwizi wa Beni nzima, na mimi nilimshika shingoni nisijue kama hilo linamsaidia au linamponza. Nilimvua fulana. Mgongo ulikuwa na ngozi safi ya kijivujivu na manyoya mapya mafupi, lakini mabaka yalikuwepo bado. Sitawadanganya, hakuwa mzuri. Patron alimzunguka kwa mbali, mikono nyuma. Papa Muhindo alieleza kinyozi. Mimi nilieleza siku kumi, mto, na hata kunguni. Patron alisikiliza, kisha akafanya kama anavyofanya siku zote kahawa ikiwa na mashaka. Alimwita kapita.

"Katungu, ni weye ulileta maneno. Kama unasema ni gale, leo tunamaliza. Kama unasema hapana, utajibu weye. Sema."

Katungu alisogea mpaka mbele ya Avoka. Kwa siku zote kumi hakuwa amemgusa hata mara moja. Alinigusa mimi tu. Alipiga magoti. Avoka alinyamaza. Katungu aliingiza mikono yake yote miwili kwenye manyoya ya shingo, polepole, mpaka vidole vikapotea, mpaka vifundo vikapotea, na sufu ikamwangukia kwenye kitenge chake. Aliiacha mikono humo muda mrefu. Kisha akainua uso.

"Patron," alisema, "leo nikirudi ku nyumba, iko hii mikono njo itapikia batoto bangu."

Patron aliitazama mikono ile, akavaa kofia yake.

"Abaki," alisema.